Bomba Mfukoni mwa Mwalimu wa Kwaya

Duka langu ni dogo kiasi kwamba wakiingia wateja wawili wenye mwili, mmoja lazima asubiri nje. Liko Kericho mjini, juu kidogo ya steji, limebanwa kati ya kinyozi na duka la viatu. Kwa miaka mingi niliuza vitu vya simu pekee: kava, chaja, vioo vya kubandika, nyaya za kila aina. Vepu zilikuja baadaye. Watu wazima na akili zao walikuwa wakiingia kuuliza chaja, wanazungukazunguka, halafu wananong'ona kama nina ile sigara ya kuchaji. Nikijibu sina, wanaenda kwa wengine. Mfanyabiashara hawezi kuishi kwa kusema sina, kwa hiyo nikazileta.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu mpole. Mama yangu alizoea kusema nilizaliwa siku ya mvua ya mawe na sijaisamehe hadi leo. Nikikasirika nasema, na nikiogopa nakasirika. Wiki hizo ninazozieleza niliogopa sana, kwa hiyo kama kuna mtu alipita dukani kwangu akafokewa bila kosa, aniwie radhi, sababu ilikuwa hii.

Vepu nyingi ni za kawaida. Zina kifaa kidogo ndani kinachokata umeme joto likizidi, na zikichoka zinazima zenyewe. Lakini msambazaji wangu wa Nakuru aliniletea aina nyingine, na hiyo ilikuwa bomba tupu la shaba. Unatia betri moja nono, unafunga kifuniko, unabonyeza kitufe kilicho chini kabisa kwenye kitako, na umeme unakimbia moja kwa moja hadi kwenye waya unaochemsha yale maji matamu. Katikati hakuna kitu cha kuusimamisha. Wateja walizipenda kwa sababu ni nzito mkononi, zinatoa moshi mwingi, na fundi hana cha kukudanganya kwamba kimeungua. Kuzunguka kile kitufe cha chini palikuwa na vishimo vidogo vidogo. Mimi nilivitazama nikadhani ni urembo, na hakuna aliyeniambia vinginevyo.

Sasa, huku kwetu mvua haipigi hodi. Asubuhi jua, alasiri mvua, na mtu yuko katikati ya majani chai na aproni yake ya plastiki na gambuti, mbali na paa lolote. Ndiyo maana tumejifunza kufunga kila kitu. Simu inaingia kwenye pakiti ya maziwa na kufungwa kwa blada, yaani ule mkanda wa mpira unaokatwa kutoka tyubu kuukuu ya gurudumu. Tochi inazungushiwa blada kitakoni. Redio ya kuchunia chai inafungwa blada mpaka inaimba kama mtu mwenye mafua. Mtoto wa huku anajua kukaza blada kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Na mtu akinunua kitu chenye mashimo, kazi yake ya kwanza akifika nyumbani ni kuyaziba.

Nilijua haya yote tangu utotoni, kule Roret nilikozaliwa. Sikuyaweka tu pamoja kichwani na yale mabomba.

Aliyeyaweka pamoja ni dereva mmoja wa lori la majani mabichi. Aliingia alasiri moja akiwa na kitu kwenye kofia yake, akakimwaga juu ya kaunta. Vilikuwa vipande. Kimoja kilikuwa kimepasuka kwa urefu na kujikunja kama ganda la ndizi, na kingine kilikuwa bado kimeshikwa na mpira mweusi uliokuwa umeyeyuka upande mmoja.

"Mama, hii kitu yako imenivunjia kioo ya lori," alisema. "Nilikuwa nimeiweka tu hapo mbele ya usukani, nikashuka kufunga turubai. Nikasikia paah! Nikadhani ni tairi. Kuangalia, kioo hakuna."

"Wewe uko sawa? Hujaumia?"

"Mimi niko sawa, Mungu ni mwema. Lakini ningekuwa nimekaa, ingekuwa hapa." Akagusa koo lake. Halafu akanishangaza. Hakutaka kesi. Kioo angemweleza tajiri wake kwamba ni jiwe. Alichotaka ni nimpe bomba lingine, kwa sababu lile lilikuwa tamu.

Sikumpa. Nilimpa maji ya kunywa, nikamkalisha kwenye kiti changu. Alipoondoka nilimpigia simu msambazaji wa Nakuru. Ni mtu wa sauti laini, anayekuita boss hata kama anakukatalia. Nilimweleza. Akauliza kama mteja alikuwa ameziba mashimo.

"Mashimo gani?"

"Hizo za chini, boss. Hiyo ni ya kupumulia. Betri ikikasirika inatoa hewa moto, hewa inatokea hapo chini. Ukiziba, hewa itapitia wapi? Si itapasua hiyo bomba?"

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Kwani nani anaziba mashimo, boss?"

Nikakumbuka kila mtu ninayemjua kutoka hapa hadi Bomet, na kila tochi, na kila simu. Nilimwambia nataka kurudisha zilizobaki. Akacheka kwa upole, akasema hizo nimeshachukua, zimeshatoka kwake, na yeye huwaambia watu wote kwamba anayenunua anatumia kwa hiari yake. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Tangu siku hiyo hajanipigia tena, na mimi sijamtafuta.

Jirani yangu wa viatu alisikia kelele akaja. Ni mama wa Kikuyu aliyefika mji huu akiwa bibi arusi, na Kikipsigis chake ni kizuri kuliko cha watoto wangu. Alivigeuza vile vipande kwa ncha ya kalamu, akasema, "Ngai!" Kisha akanitazama na kuniuliza nina kibao gani ukutani. Nilikuwa nacho, kama kila duka la hapa: Bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

"Basi," akasema. "Umeuza, amenunua. Mimi nikiuza kiatu, mtu akiteleza kwa matope, ataniletea mguu?"

"Kiatu hakilipuki."

"Wewe ulimwambia afunge blada? Hukumwambia. Hiyo si shida yako. Wewe funga mdomo, maliza hizo zingine, uachane nazo."

Nilimpenda kwa kunitetea, na nilitaka kuamini. Lakini usiku huo na usiku uliofuata niliona koo la yule dereva kila nilipofumba macho. Nilijiona nimesimama kortini, hakimu ananiuliza kama nilijua, nami nasema sikujua. Mpaka jana ingekuwa kweli. Kuanzia leo ingekuwa uongo, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Kabla ya dereva kuja, mtu akiumia ni bahati mbaya. Baada ya dereva, mtu akiumia ni mimi.

Asubuhi nilizichukua zilizobaki, nikatoa betri, nikazizika kwenye ndoo ya mchanga nyuma ya duka. Kisha nikaanza kuwatafuta walionunua. Hawakuwa wengi. Karibu wote walikuwa wamelipa kwa simu, kwa hiyo namba zao nilikuwa nazo. Nilimpigia mmoja mmoja na kumuuliza swali lile lile, kwamba kitako cha lile bomba kikoje. Wote, bila mmoja kukosa, waliniambia kwa fahari kwamba wamekifunga vizuri, hakiingizi hata tone. Mmoja aliongeza nta ya mshumaa. Nilifoka mpaka kinyozi akazima mashine yake kusikiliza. Waliniletea, wengine wakinung'unika, na kila aliyeleta nilimpa kitu kingine cha dukani akatulia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini wahenga hawakuwahi kuuza vepu.

Alibaki mmoja.

Huyo hakulipa kwa simu. Alikuja siku ya mvua kubwa, akasimama mlangoni mpaka mteja wa mwisho akatoka, ndipo akaingia. Alikuwa mtu wa makamo, koti safi, shingo imefungwa mafla, na alizungumza kwa kunong'ona ingawa hatukuwa na mtu. Lakini hata mnong'ono wake ulikuwa na besi iliyotikisa vioo vya kubandika. Aliuliza kama inanuka. Nikamwambia kidogo tu, harufu ya minti. Aliuliza kama harufu inashika nguo. Aliuliza kama mtu akimaliza anaweza kula peremende na asijulikane. Nilimhurumia, maana nilimjua. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa moja upande wa Mogogosiek, kwaya iliyokuja kuimba kwenye mazishi ya shangazi yangu na kuwaliza hata wanaume waliokuja kwa sababu ya chakula. Yeye hakunitambua. Nilimuuzia nikanyamaza.

Anayefahamu makanisa ya huku atanielewa. Sigara si tabia mbaya tu, ni dhambi yenye moshi. Mwalimu wa kwaya akionekana na sigara hawezi tena kusimama mbele ya watu. Wazee wa kanisa wanamwita, anasomewa makosa yake mbele ya wote, anakaa benchi la nyuma, na meza ya Bwana haikaribii mpaka wamrudishe. Wengine hawarudishwi. Ndiyo maana alilificha lile bomba, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumfikia.

Niliitafuta namba yake kwa binamu yangu aliyepanga yale mazishi. Nikapiga. Ile besi ikajibu, "Bwana asifiwe."

"Asifiwe sana. Mwalimu, ni mimi wa lile duka la Kericho."

"Rong namba," akasema, akakata. Nilipopiga tena simu haikuingia, na haikuingia tena siku zote zilizofuata. Alikuwa amenifungia. Nikafikiria kumwandikia ujumbe kwa namba ya jirani, nikaandika, nikafuta. Simu ya mtu wa huku ni ya nyumba nzima. Mke anaisoma, watoto wanaichezea, bibi anaangalia saa. Ujumbe ule ungesomwa na kila mtu isipokuwa yeye.

Nikaamua kwenda mwenyewe. Jirani wa viatu aliniambia mficha uchi hazai, huyo mtu akitaka kuficha nimwache azae au asizae. Nikamjibu kwamba huyo anaweza kuficha mpaka akose kifua. Nilifunga duka Jumamosi, siku ya mazoezi ya kwaya, nikavaa koti langu zuri ili nionekane mtu wa heshima. Hilo koti lilikuwa kosa, lakini sikujua bado.

Kanisa lile liko juu ya mteremko wa chai, mabati mapya, mlango mpana uliokuwa wazi. Mvua ilikuwa imeanza kunyunyiza. Ndani wanakwaya walikuwa wamepangwa kwa safu, na mwalimu alikuwa amenipa mgongo, mikono juu, anawakata na kuwaunganisha kama mtu anayepepeta wimbi kwenye ungo. Nilisimama mlangoni nikangoja amalize wimbo. Waimbaji walinitazama, naye akageuka kuona wanatazama nini. Akaniona. Uso wake ukaisha damu. Akageuka upesi, akaanzisha wimbo mwingine hata kabla watu hawajavuta pumzi.

Aliimbisha wimbo huo ukaisha akaurudia. Kisha akaurudia tena. Nilielewa kwamba atawaimbisha hadi usiku kama nitasimama pale hadi usiku.

Kutoka safu ya kina mama alitoka mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha buluu, akaja kwangu, na nyuma yake akaja mzee mmoja wa makamo kutoka safu ya besi. Mwanamke alijitambulisha kwamba ni mke wa mwalimu. Mzee alijitambulisha kwamba ni mzee wa kanisa, na kwamba huyu ni dada yake.

"Chamgei," mke alinisalimia, na macho yake yalikuwa yakisoma koti langu, kifungo kwa kifungo. "Mama umetoka wapi?"

"Kericho mjini."

"Na unataka nani?"

"Mwalimu. Nina neno naye dakika moja tu, peke yake."

"Peke yake," akarudia.

Hapo ndipo nikaelewa lile koti limefanya nini. Mwanamke wa mjini, koti la kuingilia harusi, anamtaka mume wa mtu peke yake, na mume akimwona anageuka rangi. Hata mimi ningejiweka kwenye orodha ya wachawi. Nilitafuta la kueleza. Nikisema nauza vitu vya simu, ataniuliza kitu gani. Nikisema kitu gani, nimemmaliza mume wake.

"Mama," yule kaka akasema kwa sauti ya kuhubiri, "hapa ni nyumba ya Mungu. Neno ambalo haliwezi kusemwa mbele ya mke na mbele ya kanisa, hilo neno lirudi lilikotoka."

"Mzee, ni jambo la usalama wake."

"Usalama wake uko kwa Bwana."

Ningemjibu, na ningemjibu vibaya, lakini wakati huo nilikuwa namtazama mwalimu juu ya bega lake. Alikuwa amegeuka ubavu sasa. Mfuko wa ndani wa koti lake, upande wa moyo, ulikuwa umejaa kitu kirefu. Akaweka mkono pale, akautoa haraka. Akashika ukingo wa koti, akalipunga, kama mtu anayejipepea. Huku Mogogosiek, jioni, mvua inanyesha, waimbaji wote wamevaa sweta, yeye alikuwa anajipepea. Nikawaza blada imeteleza. Nikawaza imekikalia kitufe, umeme unakimbia, betri inachemka humo ndani na haina pa kupumulia. Akagusa kifua mara ya pili na kukunja uso.

Sikuchagua kupiga kelele. Nilisikia tu kelele, na ilikuwa yangu.

"Mwalimu! Toa hiyo kitu mfukoni! Toa! Italipuka!"

Nani ameshawahi kusema neno hilo ndani ya kanisa? Mabenchi yalianguka. Kina mama walikimbilia madhabahuni, wengine chini ya meza. Mwalimu alinitazama, mkono bado kifuani, na niliona anapima aibu na kifo, kipi kizito. Kisha akavua koti kwa mvuto mmoja, akakimbia nalo hadi mlangoni na kulirusha nje kwenye nyasi. Tulisimama sote chini ya ukingo wa paa, tukilitazama koti linanyeshewa.

Hatukusikia kitu. Mvua ilizidi, koti likalowa likawa jeusi, na hakuna kilichotokea.

Sijui tulikaa pale muda gani. Nilikuwa naomba, nami nina aibu kusema nilichoomba. Mwanzo niliomba lisilipuke. Halafu, jinsi watu walivyozidi kunigeukia, niliomba lilipuke.

Mwishowe nilichukua mwavuli wa mtu nikaenda, nikalifunua koti kwa ncha yake. Bomba likabingirika kwenye nyasi, kitako kimezungushiwa blada kwa ustadi, tabaka juu ya tabaka. Nilipoligusa lilikuwa baridi. Labda mvua ilikuwa imelipoza. Labda halikuwahi kuwa moto, labda alikuwa anatoka jasho kwa sababu ameniona mimi. Sitajua kamwe. Nilifungua blada, nikatoa betri, nikaitia kwenye mchanga chini ya mfereji wa paa. Nyuma yangu mke aliuliza, "Hiyo ni nini?" Msichana mmoja wa sauti ya kwanza ndiye aliyejibu, bila nia mbaya, kama mtu anayesaidia darasani. "Ni vepu."

Lakini kuna jambo lingine nililoliona, na hilo halikuonwa na mtu mwingine. Nilipopiga ile kelele, watu wote walikimbia au walishika vichwa. Yule kaka, mzee wa kanisa, alishika mfuko wake wa kushoto. Sasa, wakati wengine wanamtazama mwalimu, yeye alikuwa amejitenga pembeni, anahamisha kitu kutoka kwenye koti kwenda kwenye mfuko wa nailoni, na nilikiona kitako chake. Kilikuwa cha shaba, kimefungwa blada. Mimi sikumuuzia, lakini Kericho ina maduka mengi na Nakuru si mbali. Nikamsogelea, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mzee, na hiyo yako pia. Fungua huo mpira."

"Yangu ni tochi," akasema, akaondoka kwenye mvua.

Nilimwacha aende. Nilikuwa nimemvua mtu mmoja mbele ya watu jioni ile, na sikuwa na nguvu ya kumvua wa pili. Nilijiambia mtu mzima amesikia, amejionea, akifika nyumbani atafungua.

Habari zilinifikia mjini kabla ya wiki kwisha, maana habari za kanisa hushuka na magari ya maziwa. Mwalimu aliitwa mbele. Aliondolewa kwenye kwaya, akapelekwa benchi la nyuma. Aliyesimama kumsomea makosa ni shemeji yake mwenyewe. Nilipoyasikia hayo nilikunja kava ya simu mkononi mpaka ikavunjika, na mteja aliyekuwa ameishika upande wa pili akaniuliza kama bado ninauza.

Kisha mke akaja. Ilikuwa alasiri, mvua, na alikuwa amevaa kile kitambaa cha buluu. Nilimpa kiti. Hakukaa.

"Haimbi," alinieleza. "Hata nyumbani. Alikuwa anaimba akikamua ng'ombe, anaimba akioga. Sasa amenyamaza tu. Anaangalia ukuta."

"Mama, pole. Pole sana."

"Wewe ulimuuzia. Ukamuuzia kwa siri, ukaja kumtangaza kwa kelele. Na haikulipuka." Macho yake yalikuwa yamejaa lakini sauti ilikuwa kavu. "Ingelipuka hapo kwa nyasi, watu wote wangeona. Tungekushukuru. Tungekuchinjia mbuzi. Sasa nitakushukuru kwa nini?"

Hilo ndilo swali lililokuwa likinila tangu siku ile, na yeye alikuwa amelileta mlangoni.

Alisema amekuja na ombi. Wazee wangekutana Jumapili. Kama ningekubali kupanda, nisimame, niseme lile bomba lilikuwa tochi tu, tochi yenye betri mbovu niliyomuuzia kwa makosa, na kwamba yule msichana hakujua alilosema, basi wangemrudishia kwaya yake. Mimi ndiye muuzaji, na wangemwamini muuzaji. Ni uongo mdogo, akasema, na ni mimi ninayedaiwa.

Na nitasema ukweli, nilitaka. Nilitaka sana. Ilikuwa njia ya kumlipa yule mtu sauti yake, na isingenigharimu kitu ila kupanda mlima. Nilikuwa karibu kusema ndiyo.

"Wazo hilo umelipata wapi?" nikamuuliza.

"Kaka yangu. Yeye ndiye amesema, ukija useme ni tochi, yaishe."

Hasira ilipanda. Nilimwona yule mzee na mfuko wake wa nailoni. Nikisema tochi mbele ya kanisa zima, basi zote ni tochi. Ya mwalimu ilikuwa tochi, yake ni tochi, na ya yeyote mwingine aliyekaa kwenye yale mabenchi na kitako kilichozibwa ni tochi pia, na hakuna anayeogopa tochi.

"Mama, nitakuja Jumapili," nikamwambia. "Lakini sitasema tochi. Nitasema ni vepu, na ni mimi niliyemuuzia, na mimi sikujua vile vishimo ni vya nini, na wanaweza kunifanya watakavyo. Kama mnataka kwenda kortini, nendeni, nitawapa hata shahidi, dereva wa lori. Lakini nikisema tochi nitaua mtu."

"Nani? Ya kwake si umeitoa betri?"

"Ya kwake, ndiyo. Kaka yako anayo nyingine."

"Kaka yangu?"

"Mfuko wa kushoto. Imefungwa blada vile vile. Nilimwambia siku ile afungue."

Niliona mambo yakijipanga nyuma ya macho yake: pipi za minti za kaka yake, kikohozi, kutembea peke yake kwenye chai baada ya ibada. Nilingoja aniite mwongo. Badala yake aliketi kwenye kiti, polepole, akashika magoti.

"Leo ni siku ya kuchuna," akasema. "Amevaa aproni, na juu yake koti la mvua."

Akatoa simu akampigia kaka yake. Nilisikia ikiita, mbali, kule juu kwenye mvua. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.